Tumefungwa au Wamefungwa?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hawakutwambia, hata hivyo, afanyiwe nini mcheza kwao pindi anapofungwa, tena akafungwa nyumbani, mbele ya umati wa watu wake mwenyewe. Swali hilo lilinijia asubuhi ya Jumamosi, Septemba 6, 2025, nikiwa mjini Voi kwenye kibanda kimoja cha chai na mahamri karibu na kituo cha magari, nikisubiri matatu ya kunipeleka Mwatate. Siku iliyotangulia, timu yetu ya taifa ya kandanda, Harambee Stars, ilikuwa imechapwa na Gambia mabao 3 kwa 1 katika uwanja wa Kasarani, kwenye mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2026. Kibandani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyevalia jezi nyekundu ya Manchester United, ndiye aliyekuwa akishikilia usukani wa mjadala. "Fomu ndiyo imewapotea," alisema. "Mwezi uliopita tuliwapiga Morocco. Mtu hasahau mpira kwa mwezi mmoja. Jana wamefungwa kwa sababu fomu imeshuka, basi."

Mzee mmoja, ambaye wote pale walimwita Mwalimu kwa kuwa alikuwa amewafundisha wengi wao kabla ya kustaafu, aliweka kikombe chake chini taratibu. "Mwanangu," alisema, "fomu humpotea aliyekuwa nayo. Hiki kikosi hakina ubora. Stars hufungwa. Tangu mimi kijana kama wewe, hufungwa."

Utingo mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akadakia: "Na hiyo Manchester yako je, ndugu yangu?"

Kijana hakutikisika. "Sisi tunajijenga upya," alijibu. "Msimu uliopita tulimaliza nafasi ya 15, ni kweli. Lakini tutarudi."

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka nao. Matatu yangu ilipofika nilipanda na kwenda zangu. Lakini njiani kutoka Voi hadi Mwatate, macho yangu yakiyatazama mashamba ya mkonge, masikio yangu yaliendelea kukisikiliza kibanda kile. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuyachunguza maneno ya watu, mabishano yale yalikuwa darasa tosha. Ningependa wasomaji wa safu hii, na hasa walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu, waniruhusu niwasimulie nililojifunza.

Jambo la kwanza lahusu suala lenyewe lililokuwa likibishaniwa: je, Stars ilikuwa imepotewa na fomu, au kikosi chenyewe hakikuwa na ubora? Ukisikiliza vyema utaona kwamba tofauti ya maoni ya wawili wale ilikuwa imejificha katika viambishi. Kijana alisema "wamefungwa". Mwalimu alisema "hufungwa". Kiambishi -me- chatueleza tendo lililotimia. Kiambishi hu- chatueleza mazoea, jambo lisilofungika katika siku wala mwezi. Anayesema mvua imenyesha ametazama nje dirishani. Anayesema mvua hunyesha Novemba ametazama miaka mingi. Basi fomu ni habari ya -me-, na ubora wa kikosi ni habari ya hu-. Ugomvi wote wa mashabiki, uwe wa Voi, Kisumu au Dar es Salaam, waweza kuelezwa kwa swali moja: ni -me- ngapi zinazotosha kutupa hu- moja?

Tuupime ushahidi. Mnamo Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wanaosakata gozi katika ligi za nchi zao wenyewe. Stars, chini ya kocha Benni McCarthy wa Afrika Kusini, iliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0, kisha ikaifunga Zambia 1-0, na kuongoza kundi lake. Katika mechi mbili kati ya hizo, ile ya Angola na ile ya Morocco, ilicheza muda mrefu ikiwa na wachezaji 10 baada ya mmoja kuonyeshwa kadi nyekundu. Mnamo Agosti 22, katika robo fainali, ilitoka sare ya 1-1 na Madagascar, ikabanduliwa kwa mikwaju ya penalti 4 kwa 3. Morocco ile ile tuliyoifunga ndiyo iliyonyakua kombe.

Sasa jumlisha. Katika mechi 5 Stars ilifunga mabao 5 na kufungwa 2, penalti zikiachwa kando. Ushindi wake wote ulikuwa wa bao moja bila jibu. Hii ni timu iliyojua kulinda lango lake, lakini iliyopata mabao kwa tabu. Yeyote aliyeitazama kwa makini hangepaswa kudhani kwamba imegeuka simba wa Afrika kwa usiku mmoja. Siku 14 baada ya machozi ya Madagascar, Gambia ilipachika mabao 3 katika mechi moja, yaani mengi kuliko yote yaliyoingia katika mechi 5 za CHAN. Lakini Gambia ilikuja na wachezaji wake wa ligi za Ulaya, na mizani ya shindano moja si mizani ya jingine. Siku nne baadaye, Septemba 9, Stars iliicharaza Ushelisheli 5-0, na wale wale waliokuwa wakilaani wakaanza kuimba. Ilipofika Novemba, kule Antalya nchini Uturuki, Senegal iliifunga 8-0 katika mechi ya kirafiki, na nyimbo zikakatika. Ikiwa tutabadilisha hukumu yetu juu ya ubora wa kikosi kila baada ya dakika 90, basi hatuzungumzii ubora hata kidogo. Twazungumzia hali ya hewa.

Je, Mwalimu naye alikosea? La hasha. Yeye alikuwa akitazama kalenda ndefu. Kenya imeshiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara 6: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Mara zote 6 safari yake iliishia katika hatua ya makundi. Katika fainali hizo zote imeshinda mechi 2 tu: dhidi ya Burkina Faso 3-0 mwaka 2004, na dhidi ya jirani zetu wa Tanzania 3-2 mwaka 2019. Haikufuzu kwa fainali zilizofanyika Morocco kuanzia Desemba 2025, wala haijawahi kufuzu kwa Kombe la Dunia. Mtu aliyeanza kuishabikia Stars akiwa mvulana, akaifuata hadi akapokea malipo yake ya uzeeni, ana haki ya kusema "hufungwa". Hakulitoa neno hilo hewani.

Hata hivyo, na hapa ndipo nilipotofautiana na Mwalimu moyoni ijapokuwa sikuthubutu kumkatiza, mazoea si maumbile. Kiambishi hu- chatueleza lililozoeleka, hakituelezi kwa nini likazoeleka, wala hakitwambii kwamba haliwezi kukoma. Wale vijana walioifunga Morocco hawakuletwa kwa ndege kutoka Ulaya. Walitoka katika ligi yetu, ile ile tunayoambiwa kila uchao kuwa ni hafifu. Ikiwa kwa majuma matatu waliweza kucheza vile, mbele ya viwanja vilivyofurika, wakiwa wametayarishwa vyema na taifa zima likiwa nyuma yao, basi ubora wa kikosi si jiwe tulilorithi. Ni chungu, na chungu hufinyangwa.

Hapo nafikia jambo la pili, ambalo lilinishangaza zaidi. Wanafunzi wetu wa sarufi wanajua kwamba kitenzi cha Kiswahili hakiendi uchi. Huvaa kiambishi cha nafsi: ninafungwa, tunafungwa, wanafungwa. Lakini hu- ina ajabu yake. Ikiingia, kiambishi cha nafsi hutoka. Mimi hufungwa, sisi hufungwa, wao hufungwa. Kitenzi ni kimoja, na ukikitazama peke yake huwezi kujua anayefungwa ni nani. Mwalimu aliposema "Stars hufungwa", mwenye timu alikuwa ameondoka katika sentensi. Hakuna sisi, hakuna wao. Pamebaki kufungwa tu, kama ukame, kama tembo wa Tsavo wanaoingia mashambani usiku. Jambo linalotukia, lisilo na wa kuulizwa.

Naye kijana wa bodaboda, je? Yeye alikuwa na nafsi, tena mbili. Irejelee kauli yake: "Fomu ndiyo imewapotea. Mwezi uliopita tuliwapiga Morocco. Jana wamefungwa." Waliopotewa na fomu ni wao. Waliofungwa ni wao. Waliowapiga Morocco ni sisi! Katika sentensi tatu fupi alihama nyumba mara mbili, bila kujua kwamba amehama.

Asije mtu akadhani namcheka kijana wa watu. Ugonjwa huu ni wa binadamu wote. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti walioufanya miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa mavazi yenye jina au nembo ya chuo chao. Waligundua pia kwamba walipoulizwa kuhusu mechi, walielekea kusema "sisi" timu iliposhinda kuliko iliposhindwa. Ushindi una ndugu wengi, hasara ni yatima. Mimi mwenyewe si malaika. Jioni ile ya Gambia nilimwandikia rafiki yangu ujumbe mfupi wa maneno mawili: "Wamelimwa tena." Nilipoufungua siku iliyofuata, nikiwa nyumbani Mwatate, niliona aibu. Wiki mbili kabla, baada ya penalti za Madagascar, nilikuwa nimemwandikia rafiki huyo huyo: "Tumetolewa, ndugu yangu." Lugha yangu ilikuwa imenishtaki kwangu mwenyewe.

Lakini utafiti wa Cialdini hauwezi kutupa jibu la jambo moja, nalo ni ile jezi nyekundu. Msimu wa 2024/25 Manchester United ilimaliza ya 15 katika Ligi Kuu ya Uingereza, ikiwa na alama 42. Mnamo Mei 21, 2025, ilishindwa na Tottenham 1-0 katika fainali ya Ligi ya Uropa mjini Bilbao. Ilikuwa klabu iliyoshuka mno kwa viwango vyake yenyewe, na mashabiki wake duniani kote waliendelea kubishana kama tatizo lilikuwa fomu, kocha au kikosi. Hata hivyo kijana wa Voi, ambaye huenda hajawahi kuvuka mpaka wa Taveta, alisema bila kigugumizi: "Tulimaliza nafasi ya 15." Hakusema "walimaliza". Aibu ya msimu mzima aliibeba kwa tu-, ilhali aibu ya Stars ya dakika 90 aliitupa kwa wa-.

Maadam anaweza kusema "tulishindwa" juu ya timu iliyo maelfu ya kilomita kutoka kwake, basi hatuwezi kumwambia kwamba hana uaminifu. Uaminifu anao, tena wa kupigiwa mfano. Swali ni kwa nini uaminifu huo umevuka bahari ukaacha kugonga mlango wa jirani.

Jibu langu ni kwamba nafsi ya kwanza wingi haiji yenyewe. Hujengwa. Kijana yule huiona Manchester kila wiki, msimu baada ya msimu, kwenye televisheni ya kibandani. Anayajua majina ya wachezaji wake wa sasa na wa zamani, na mwaka wa kila kombe. Akiulizwa kwa nini timu imeanguka ana sababu kumi, na kila sababu ina historia. Kwa kuwa anaijua ilikotoka, anaweza kungoja inakokwenda. Sasa muulize majina ya vijana wa Kenya waliotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, wakati Gor Mahia ilipoipatia nchi hii kombe ambalo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kulitwaa. Muulize AFC Leopards, iliyowahi kutawala kandanda ya Afrika Mashariki, ilitwaa ligi mara ya mwisho mwaka gani. Ilikuwa 1998. Wanafunzi wangu wengi hawakuwa wamezaliwa. Asiyesimuliwa historia ya timu yake atabaki na matokeo ya jana tu, na matokeo ya jana hayatoshi kulea mapenzi.

Najua watakaonipinga. Watasema: Daktari, sisi wananchi hatukuiharibu kandanda hii, tutajitwikaje mzigo wa wenyewe? Nchi hii ilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ikapokonywa. Ikapewa CHAN ya 2018, ikapokonywa pia na shindano likapelekwa Morocco. Mnamo Februari 2022 FIFA ilitufungia nje kwa mvutano wa uongozi, na hatukufunguliwa hadi Novemba mwaka huo. Je, haya yalifanywa na mwendesha bodaboda wa Voi? Kusema "wao", watanikumbusha, ni kuwataja wenye makosa. Kusema "sisi" ni kuwafichia.

Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita kama asiyesikia. Lakini nadhani inakosea maana ya "sisi". Tu- si kiambishi cha sifa, wala si cha kusamehe. Ni kiambishi cha umiliki. Mwenye shamba ndiye anayeweza kumwuliza mlinzi kwa nini mahindi yameliwa. Mpita njia husema tu, "Shamba lao limeliwa," akaendelea na safari yake. Wale walioyaharibu mambo ya kandanda kwa miaka mingi hawakutishwa kamwe na watu wanaosema "wao". Wangetishwa na watu wanaosema "timu yetu, pesa zetu, viwanja vyetu". Nafsi ya tatu haidai hesabu.

Tena mlango wa kudai uko karibu kuliko tunavyodhani. Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeziachia serikali za kaunti majukumu ya michezo na vifaa vyake. Kwa hivyo mkazi wa Taita Taveta anayetaka kujua kwa nini uwanja wa kijiji chake umegeuka malisho ya mbuzi hahitaji kusafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi. Wa kumwuliza anamjua kwa jina, na baada ya kila miaka mitano mtu huyo huja kumwomba kura. Nchi yetu hii ya Taita Taveta sehemu yake kubwa ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Penye milima, kipande tambarare ni lulu. Penye tambarare, kuna mashamba makubwa na machimbo. Uwanja wa watoto kuchezea hautajitokeza wenyewe. Ama utatengwa na kulindwa, ama utapotea.

Na hapa nawageukia walimu wenzangu. Ubora wa kikosi cha taifa, ule tuliokuwa tukiugombania kibandani, haupatikani kambini majuma mawili kabla ya mechi. Kocha wa taifa hupokea mtoto aliyekwisha kufinyangwa. Samaki mkunje angali mbichi, na samaki huyu mbichi yuko katika madarasa yetu ya Wundanyi, Mwatate, Voi na Taveta. Kila shabiki wa nchi hii anazijua sifa za Shule ya Upili ya Kakamega katika kulea wanasoka. Sifa hizo hazikuletwa na hewa ya magharibi. Zililetwa na shule iliyoyachukulia mazoezi kuwa kazi yenye ratiba, mwalimu wake na kumbukumbu zake. Mtaala mpya wa umilisi umeweka michezo miongoni mwa mikondo mitatu ya shule ya upili, pamoja na sanaa. Huo ni mlango uliofunguliwa. Lakini mlango uliofunguliwa na kipindi cha michezo kinacholiwa na hisabati kila Alhamisi ni mambo mawili yasiyokaa pamoja. Tukiwaita wanafunzi uwanjani siku moja tu kabla ya mashindano ya kaunti ndogo, kisha tukawalaumu kwa kufungwa, tumefanya vile vile tunavyolaumu Nairobi kuifanyia Stars.

Walimu wa lugha nao wana sehemu yao. Mabishano ya kandanda ni insha ya hoja iliyo tayari midomoni mwa watoto wetu. Mpe mwanafunzi mechi 5 za timu ya shule yake. Mwambie aandike mabao yaliyofungwa na yaliyoingia, nani alikuwa mgonjwa, nani alionyeshwa kadi, uwanja ulikuwa wa nani. Kisha mwulize: hii ni fomu au ni ubora? Atajifunza kutofautisha -me- na hu- kuliko atakavyojifunza kwa mifano mia ya Juma na Asha. Atajifunza pia kwamba hukumu inahitaji ushahidi, somo ambalo litamfaa siku atakapokuwa akiwapima wanasiasa. Nao wanafunzi wanaosoma safu hii, nawapa zoezi moja bila alama: wiki hii jisikilizeni. Hesabuni mnasema "tu" mara ngapi na "wa" mara ngapi mnapoizungumzia shule yenu, kijiji chenu, nchi yenu. Mtashangaa.

Nilisomea shule ya msingi katika milima hii. Uwanja wetu ulikuwa mteremko, na mpira wetu ulikuwa wa matambara na mifuko ya plastiki, umefungwa kwa kamba za mkonge. Upande wa chini wa uwanja hapakuwa na ua. Mpira ukipaishwa uliteremka bondeni, ukavuka vijito, na mara nyingine ulikomea kwenye shamba la mtu asiyetupenda. Tulikuwa na sheria moja ambayo hakuna mkubwa aliyetufundisha: mpira ukienda bondeni, hakuna kuuliza nani ameupiga. Timu iliyoupiga huteremka yote kwenda kuutafuta. Mwanzoni tulikuwa tumejaribu sheria nyingine, ya kumtuma aliyekosea peke yake. Tukaona kwamba wakati yeye anahangaika huko chini, sisi juu tulikuwa tumekaa kwenye majani tukibishana juu ya ubora wake. Jua lilikuwa likituchwea bila mchezo.

Mnamo Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tutabishana juu ya kikosi hadi siku hiyo, na ni haki yetu. Kandanda bila mabishano ni chai bila sukari. Kijana wa bodaboda na aendelee kuitetea fomu, Mwalimu na aendelee kuushuku ubora. Ombi langu kwao wote wawili, na kwa nafsi yangu niliyeandika ule ujumbe wa maneno mawili, ni dogo. Stars ikishinda, tuseme tumeshinda. Ikifungwa, tukubali kwa kinywa kile kile kwamba tumefungwa, kisha tuteremke bondeni sote kuutafuta mpira.